Pweza, Paka wa Kivinje Aliyepasuliwa Kongosho

Mtaani kwetu Kilwa Kivinje watu bado wanasimulia Ramadhani ambayo paka wetu alifunga. Wanaisimulia kwa kucheka, na mimi nacheka nao, maana wa kwanza kuisimulia nilikuwa mimi mwenyewe. Nilijisifu kweli! Nyumba gani nyingine ilikuwa na paka mcha Mungu?

Naandika haya kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Ni yule ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi la kliniki ya wanyama, mnyama wake yuko kwenye kapu mapajani, na watu wa nyumbani wamemwambia ana wazimu. Benchi hilo nimelikalia. Nilitamani sana mtu anisimulie mambo hayo yanavyokwenda, anisimulie kama jirani, nikamkosa. Basi nimejitolea mimi. Ya kitabibu waulizeni madaktari. Mimi ni fundi cherehani, najua kupima kifua na kiuno tu.

Paka anaitwa Pweza. Ni dume la kijivu, kichwa kikubwa, miguu ya mbele myeupe kama aliyekanyaga unga. Jina alilipata siku ile ile aliyoingia kwetu, kitoto kidogo, akiburuta mkono wa pweza mrefu kumliko. Mwenye pweza hakutokea. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, ambaye tunaishi naye, akasema mgeni aliyekuja na kitoweo hafukuzwi. Mume wangu Seif, fundi wa friji, akasema basi huyo paka ni wetu sisi wawili, yeye hayumo.

Kwetu paka hana chakula chake. Pweza anakula tunachokula na anakula tunapokula: vichwa vya samaki, ukoko wenye mchuzi, maganda ya kamba. Ramadhani jiko letu linalala baada ya daku na kuamka alasiri, kwa hiyo naye alikuwa anakula daku na futari miaka yote, na hapakuwa na mtu aliyeliwazia jambo hilo. Mpaka mwaka ule. Tulikuwa kwenye kumi la kwanza, nimeinama nakuna nazi, nikasikia kitu kinagonga ndoo. Kugeuka, Pweza amelala ubavu, miguu inatetemeka, macho yametoka, ute unamtiririka. Nilipiga ukelele hadi mbuzi ya nazi nikaiangusha.

Bi Somoe alikuwa anakoroga uji. Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho, haoni upande huo, lakini masikio yake yanatosha watu watatu.

"Kuna nini, Rukia?"

"Pweza, mama! Anakufa!"

"Hafi. Swaumu imemzidi. Mfuturishe!"

Akachovya kidole kwenye kikombe cha asali, akapapasa mpaka akampata, akampaka kwenye ufizi. Tukasubiri. Kitambo kidogo Pweza akainua kichwa, akatutazama kama watu tuliomwingilia chumbani, akasimama, akayumba, kisha akadai samaki.

"Subhanallah," akasema Bi Somoe. "Kumbe huyu anafunga kweli."

Habari ikatembea. Ikawa haipiti siku mbili tatu bila Pweza kuanguka alasiri na kuinuliwa kwa asali, na majirani wakawa wanapitia kwetu kabla ya adhana kumtazama. Mmoja alimletea tende. Mwingine alisema kapandwa na kitu, afukizwe ubani. Seif akasema paka anajifanya ili apewe asali. Mimi nilikuwa katikati yao wote, nimevaa kanga mpya, nasimulia.

Aliyenizima ni bwana mifugo. Alikuja kumtazama mbuzi wa jirani, nami nikamwita aje aone maajabu. Nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho, na kwa mikono nikamwigizia. Hakucheka.

"Mama, paka wa pale sokoni wanashinda na njaa na bado wanapigana," akasema. "Njaa ya mchana mmoja haimwangushi paka. Huyu anaishiwa sukari mwilini, ndiyo maana asali inamwinua. Kwa nini inaisha, hapo mimi sijui. Mimi ni wa mbuzi na kuku. Mpelekeni Dar wakampime. Na kuanzia leo mpe chakula kidogo kidogo, kila baada ya muda, mchana kutwa."

"Mchana? Mwezi huu?"

"Mama, yeye swaumu haimlazimu."

Jamani! Niliona aibu, nikaona na woga, na vyote viwili vilinijia palepale mbele ya jirani na mbuzi wake.

Ndipo ikaanza kazi ambayo sijui kama kuna nyumba nyingine Kilwa imewahi kuifanya. Saa sita mchana, Ramadhani, nyumba ya watu wanaofunga, inatoa harufu ya changu anayechemka! Watu wakipita walipunguza mwendo. Wengine walitazama dirishani. Mimi niko jikoni na midomo mikavu, nachambua miiba ya samaki nisiyeweza hata kumwonja. Bi Somoe akaona heshima ya nyumba inakwenda na mvuke. Akahamishia mkeka wake barazani, na kila aliposikia hatua za mtu alipaza sauti kabla hajasalimiwa: "Ni ya paka! Ni ya paka!"

Haikuchukua muda vijana wakaigeuza salamu.

"Shikamoo, bibi. Ya paka?"

"Marahaba, wajukuu. Ya paka!"

Kwa kula kutwa Pweza alinenepa, na mtu asiyejua angesema amepona. Mimi niliyezoea kumshika nilijua. Manyoya yalikuwa yamepoteza mng'aro. Miguu ya nyuma ililegea, akawa haruki tena juu ya meza yangu ya cherehani. Anasimama chini, anaitazama, anaondoka. Nikichelewa kidogo tu kumlisha, macho yanaanza kupotea. Chupa ya asali niliifanya ya kutembea nayo. Nampenda yule paka, nalisema wazi, na mwezi ule nilijua nampenda kuliko nilivyokuwa nimejiruhusu kujua.

Idi ikapita. Mfunguo mosi, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, mvua zilipolegea nikasema tunakwenda Dar. Seif akaweka bisibisi mezani.

"Rukia, mama yangu jicho moja halioni. Halijapasuliwa mpaka leo. Wewe unataka kumpeleka paka kwa daktari Dar? Nitasema nini kwa watu?"

Jibu lilitoka chumbani, nyuma ya pazia.

"Jicho langu nimelikataza kisu mimi mwenyewe, Seif. Nimekataa mwaka juzi, nimekataa mwaka jana. Usilitumie jicho langu kumuulia paka."

Seif akatoka bila kofia. Nilidhani amekasirika, na labda alikuwa amekasirika. Aliporudi alikuwa na boksi la plastiki alilokuwa akiwekea vipuri, amelisafisha, amelitoboa matundu kwa drili pande zote na kuyapiga msasa ili yasimkwaruze mtu. Akaliweka mbele yangu, akaendelea na kazi yake. Nikatandika kanga ndani yake, maana ningemshukuru angelirudisha.

Nangurukuru, nilipopandia basi la Dar, kondakta akagonga lile boksi.

"Kuna nini humu, mama?"

"Pweza."

"Mbichi au mkavu?"

"Mzima," nikasema, na Pweza akaitikia kwa sauti yake nene. Basi zima likacheka, na safari yote watu wakawa wananikumbusha: mama, umempa asali? Kuna mzee mmoja alikuwa analala na kuamka kwa ajili ya kuuliza hilo tu. Wema wa namna hiyo usiudharau. Ulinifikisha.

Kwenye kliniki nilikuta ukumbi wa mabenchi ya chuma, mbwa wakubwa wamelala wamepoa kuliko waliowaleta, na feni inayopiga kelele. Msichana wa mapokezi akaniuliza jina la mgonjwa. Nikamwambia Pweza. Akaniuliza jina la pili. Nilishikwa na bumbuwazi, nikasema Seif. Basi kila mara mlango ulipofunguliwa waliita kwa sauti, "Pweza Seif!" nami nanyanyuka na boksi langu mbele za watu kama mzazi siku ya matokeo.

Walimpima damu. Kisha wakampitisha kwenye mashine ya picha, ile ile ya wajawazito, wakamnyoa tumbo kidogo. Daktari alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa, sauti ya upole, mikono haina haraka. Akanionyesha kwenye kioo doa dogo, kama punje ya kunde.

"Ni uvimbe, mama, uko kwenye kongosho. Ndio unaoimaliza sukari yake."

Sikuwahi kujua kwamba paka ana kongosho. Sikuwa na hakika hata kama mimi ninalo.

"Ni saratani?"

"Inaelekea. Tutajua vizuri tukiutoa na kuupima."

Akanieleza njia mbili. Kumpa dawa na kumlisha kila mara, tukampatia miezi michache. Au kumpasua, kuukata uvimbe na kipande cha kongosho, na hapo tukapata zaidi, au tukamkosa mezani. Hakunipambia maneno. Nikamwuliza, je, angekuwa wako?

"Ningempasua," akasema. "Na ningelia."

Nilimpigia Seif simu nikiwa nimesimama karibu na bomba la nje. Nikamweleza yote, nikiongea haraka kama ninavyoongea nikiogopa. Mwisho nikamwambia wamemwandika Pweza Seif, asije akasikia kwa watu.

Nikasikia bisibisi ikiwekwa mezani.

"Mwambie daktari," akasema, "huyo anayepasuliwa ana watu wake."

Nililia pale bombani mpaka mlinzi akanisogezea kiti.

Siku ya upasuaji nilitoka kwa dada yangu Mbagala, ninapofikia, na kanzu ya mteja mkononi. Nilijua mikono ikikaa bure nitawasumbua watu. Nikashona upindo, nikaufumua, nikaushona upya. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa bwana mmoja mwenye mbwa mweusi mkubwa, mbwa anayeogopa paka. Kila boksi la paka likiingia, mbwa anajificha nyuma ya miguu yake. Yule bwana aliona haya, mimi nikacheka, na kucheka kule kulinipunguzia kitu kifuani. Akanipa maji yake ya chupa.

Mlango ukafunguliwa. Daktari, kofia ya kijani bado kichwani.

"Tumeutoa, mama."

Niliruka! Nikamkumbatia yule binti na kofia yake, kanzu ikaanguka, mbwa mweusi akabweka, watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Yeye mwenyewe alicheka, kisha akanishika bega akasema Pweza ametoka mezani, hajatoka hatarini. Sentensi hiyo iweke akilini, wewe wa kwenye benchi, maana mimi niliisikia nusu tu.

Hatari ilikuja baada ya furaha. Pweza hakula. Akatapika alichonacho na asichonacho. Sukari iliyokuwa ikishuka sasa ikapanda, wakawa wanaiteremsha kwa sindano. Wakamtia mpira mwembamba shingoni wa kupitishia chakula. Nilikwenda kila siku, naketi karibu na kizimba chake. Tumbo lake lote limenyolewa, ngozi ya waridi kama ya mtoto mchanga, na mshono unashuka katikati. Niliutazama ule mshono kama fundi. Ulikuwa mzuri. Umbali sawa, mkazo sawa, hakuna mkunjo. Nilimwuliza daktari anatumia uzi gani, akanionyesha, tukazungumza nyuzi kwa muda kama watu waliokutana dukani. Asubuhi ile Pweza alikuwa hata haninusi mkono, na mazungumzo yale ndiyo yaliyonifanya nisianguke.

Dada yangu alinishauri nimwache apumzike kwa Mungu. Alisema kwa huruma, lakini tulikula chakula cha jioni bila kutazamana.

Kesho yake nilichemsha changu kama wa Ramadhani, bila chumvi, nikambebea kwenye hotipoti. Nikafungua kifuniko karibu na kizimba, sikutegemea kitu. Pua ikacheza. Kichwa kikainuka, na mpira wake shingoni. Akalamba. Alilamba kidole changu, kisha akalamba tena, kisha akaniuma kidogo kwa uroho! Nilipiga vigelegele. Ndani ya kliniki, ndiyo. Msichana wa mapokezi alikuja mbio akidhani kuna harusi au msiba, naye alipoona akapiga cha kwake.

Majibu ya ule uvimbe yakaja: saratani. Walikuwa wameutoa wote kwa walivyoona, lakini jambo kama hili huweza kuacha mbegu mahali pengine, likarudi. Mpe muda, akasema daktari, endelea kumlisha mara nyingi, mrudishe tumpime. Nikarudi Kivinje na paka mwenye tumbo la upara na kola kubwa ya plastiki shingoni.

Bi Somoe alimkagua kwa mikono.

"Mbona mmemvalisha dishi la king'amuzi?"

"Asijirambe mshono, mama."

Vidole vyake vikashuka polepole mpaka tumboni, vikaufuata mshono wote.

"Wamempasua huku?"

"Huku."

"Na anatembea."

"Anatembea, mama."

Akaurudia mshono kwa kidole. Nikaona sasa, sasa atasema jicho tulipeleke. Hata Seif aliacha kutafuna.

"Yeye ana roho ya paka," akasema Bi Somoe. "Mimi nina ya Somoe." Akaomba chai.

Mfunguo pili kola ikatoka. Mfunguo tatu manyoya yakaanza kuchipua, mafupi, meusi kuliko ya zamani, na Idi ya kuchinja akapata ini lake kama wenzake. Baridi ya kusi ilipoingia akaruka tena juu ya meza ya cherehani, akalalia suti ya bwana harusi, nikamwacha. Lakini woga haukuondoka nyumbani. Chupa za asali zilikuwa kila pahala: mkobani, dirishani, kwenye sanduku la zana la Seif, na hiyo sikuiweka mimi. Nilikuwa nashona sikio likiwa sakafuni. Pweza akilia njaa kidogo tu, watu wazima watatu tunagongana mlangoni. Hatukumwacha hata mara moja akae na tumbo tupu, kwa hiyo hatukujua. Tulikuwa tunamlisha paka aliyepona au tunamficha paka anayekufa?

Na maneno yalikuwepo. Mwanamke mmoja aliniambia kisimani, bila ubaya, kwamba kuna watoto wanakosa daktari na paka wangu kapasuliwa Dar. Ni kweli. Kweli haijibiwi kwa hasira. Nilimwambia ni kweli, nikamtwisha ndoo. Nawe utaambiwa. Usijitetee sana, rudi nyumbani ukamlishe mnyama wako.

Mfunguo nne tukarudi Dar, na safari hii Seif alifunga kibanda chake cha friji akaja. Alisema ana vipuri vya kununua. Daktari akampapasa Pweza, akampiga picha, akaridhika. Kisha akasema jambo lililonikausha mate.

"Sasa tunataka tuone kama anaweza kuilinda sukari yake mwenyewe. Mmemlisha alfajiri, sivyo? Msimpe kitu tena. Tutakuwa tunampima tone la damu sikioni mpaka alasiri. Kama kuna uvimbe umebaki, njaa itauonyesha."

"Nimnyime chakula?" nikauliza. Miezi yote ile kazi yangu duniani ilikuwa kuzuia jambo hilo moja!

"Umnyime, mama. Na hiyo asali nipe mimi."

Nikamkabidhi chupa. Seif akatoa yake mfukoni, akamkabidhi naye bila kunitazama.

Tukakaa. Walikuja, wakamchoma sikio, wakaenda. Pweza alianza kulia saa za mchana, kwanza kwa adabu, kisha kwa matusi. Seif akatoka nje, akarudi, akatoka. Nilifungua boksi nikamshika makucha, namtazama macho, natafuta ule upotevu ninaoujua. Adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Hiyo ndiyo saa aliyokuwa akianguka. Seif akarudi ndani, akakaa karibu yangu, goti lake likitikisa benchi zima.

Pweza akanyamaza. Akageuka, akajitupa ubavu ndani ya boksi, akapiga teke ukuta wa plastiki.

"Daktari!" Seif alisimama akiita kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tuoane. "Daktari, kaanguka! Njoo!"

Akaja mbio. Akamchoma sikio, akalipokea tone, akakitazama kile kimashine. Sisi tukamtazama yeye. Dua zote ninazozijua zilinipotea, nikabaki na jina la Mungu peke yake.

"Sukari iko vizuri," akasema.

"Sasa mbona kalala hivyo?" Seif hakuelewa. "Mbona alikuwa analia? Ana nini?"

"Ana njaa, baba. Na amekasirika."

"Njaa tu?"

"Njaa tu, kama ya paka yeyote. Mpeni chakula."

Nilitaka kumwomba arudie, nikashindwa kwa machozi na kicheko. Nilipogeuka kumtafuta mume wangu, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Alikuwa ameshatoka mbio barabarani, anawauliza watu wa mtaa asioujua wapi wanauza samaki.